Dondoo muhimu: Pipa la taka la chuma lidumu nje

Kutu huanzia pale rangi ilipobanduka, na hewa ya chumvi ya pwani huiharakisha. Zingatia haya:

1. Inua pipa juu ya matofali. Kitako kinachokaa kwenye maji ndicho huoza kwanza.
2. Toboa matundu kitakoni maji yatoke, kisha paka rangi kingo zake.
3. Osha kwa sabuni na kitambaa. Stilwaya hukwangua rangi.
4. Ukitumia dawa ya klorini, suuza papo hapo.
5. Usimwage jivu la moto wala kuchomea taka ndani.
6. Ukiona mkwaruzo, piga msasa hadi chuma king'ae, paka rangi ya kuzuia kutu, ikikauka ndipo upake ya juu.
7. Usipake rangi juu ya kutu: utaificha tu, nayo itaendelea kula chuma.