Kupunguza mwili: Tuanze na kile tutakachodumu nacho

KWA zaidi ya mwaka mmoja, nikiwa na umri wa miaka 36, nilikuwa nikiswali nimekaa kwenye kiti. Sikuwa nimevunjika mguu wala kufanyiwa upasuaji. Magoti yalikuwa hayaubebi tena mwili. Pembeni yangu wazee waliopita miaka sabini, waliolima mpunga hapa Galula tangu ujana wao, walikuwa wakishuka kwenye sijda na kuinuka bila ya kushika kitu. Mimi, mwalimu ninayewafundisha vijana nguzo za Swala, nikiinamisha kichwa tu.

Ni kweli kuwa sheria imemruhusu asiyeweza kusimama aswali amekaa, na hilo halina mjadala. Lakini kila nilipokaa kwenye kiti kile nilijua kuwa udhuru wangu nimeutengeneza mwenyewe, kwa kijiko cha sukari na kwa pikipiki.

Tatizo letu la kwanza, ndugu msomaji, ni kuwa hatuuoni unene kuwa ni tatizo. Mtu akioa akaanza kutoa kitambi, anaambiwa ndoa imempenda. Dada akinenepa anaambiwa amenawiri. Akipungua kidogo, watu wanaanza kunong'ona. Nami nilikuwa nikifurahia maneno hayo, mpaka siku nilipokwenda kwenye mashine ya kukoboa mpunga na kupanda, kwa mzaha tu, kwenye mizani ya kupimia magunia. Kilo 91. Urefu wangu ni mita 1.68. Ukichukua kilo ukagawa kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, unapata 32. Wataalamu wa afya wanasema 18.5 hadi 24.9 ni uzito unaofaa, kuanzia 25 umezidi, na kuanzia 30 huo ni unene uliokithiri. Kijana wa mashine alicheka, akaniambia, "Mwalimu, wewe ni gunia kasoro kilo tisa." Mimi sikucheka.

Wala sikuwa peke yangu. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto uliofanyika nchini mwaka 2004-05 ulionesha kuwa asilimia 18 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene. Katika utafiti wa mwaka 2015-16 idadi hiyo ilifika asilimia 28. Nyuma ya tarakimu hizo kuna kisukari, shinikizo la damu, kiharusi na hayo magoti.

Niliporudi nyumbani siku ile nilifanya kosa ambalo wengi wetu tunalifanya. Nilitangaza vita. Hakuna ubwabwa, hakuna ugali, hakuna chai. Asubuhi maji ya limau, jioni matango na kipande cha papai. Siku ya tisa nilishikwa na kizunguzungu mbele ya wanafunzi wa kidato cha pili, nikashika ubao nisianguke. Siku ya kumi nilikula sahani mbili za wali na samaki wa Rukwa, na nusu ya tatu. Baada ya miezi miwili mizani ya mashine ilisoma kilo 93.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Abdullah bin Amr bin al-Aas (r.a). Kisa chake nimekifundisha mara nyingi bila ya kukisoma kwa ajili yangu. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba sahaba huyu, akiwa kijana, alikuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha katika ibada. Mtume (s.a.w) alipopata habari alimkumbusha kuwa mwili wake una haki juu yake, macho yake yana haki, na mkewe ana haki. Akamwelekeza afunge siku tatu tu kila mwezi. Abdullah akasema anaweza zaidi. Akaongezewa, naye akazidi kuomba, hadi akaishia kwenye funga ya Nabii Daud (a.s), yaani kufunga siku moja na kula siku moja. Alipozeeka na nguvu kumpungukia, alisema anatamani lau angelikubali ile ruhusa ya mwanzo.

Angalieni vizuri, ndugu zangu. Huyu hakuwa na upungufu wa imani wala wa azma. Alipima uwezo wake kwa nguvu za ujana, akasahau kuwa jambo lile atakuwa nalo mpaka uzeeni. Na Bi Aisha (r.a) amepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w) kuwa amali inayopendeza zaidi mbele ya Allah ni ile inayodumu, hata kama ni chache. Tunaitumia hadithi hiyo tunapohimiza sunna na usomaji wa Qur'an. Kwa nini tusiitumie kwenye sinia la wali?

Sayansi nayo inasema hivyo hivyo. Mwaka 2016 huko Marekani ulichapishwa uchunguzi wa watu 14 waliokuwa wameshindana kwenye kipindi cha televisheni cha kupunguza unene kwa haraka, mashindano ya mazoezi makali na chakula kidogo sana. Miaka sita baadaye wengi wao walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo walizopunguza, na miili yao ilikuwa bado inatumia nguvu kidogo kuliko ilivyotarajiwa, kana kwamba inajilinda na njaa nyingine. Kinyume chake, utafiti uliochapishwa huko huko mwaka 2002 ulihusisha watu zaidi ya 3,000 waliokuwa hatarini kupata kisukari. Kundi moja lilitakiwa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito, na kutembea au kufanya mazoezi ya kiasi dakika 150 kwa wiki. Kwao, kisukari kilipungua kwa asilimia 58 kulinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Waliopewa vidonge vya metformini walipata asilimia 31.

Asilimia 7 kwa mtu wa kilo 91 ni kilo 6 na kitu. Haikuhitaji matango.

Nilianza na chai. Nilikuwa nakunywa vikombe vitatu kwa siku, vijiko vinne vya sukari kila kikombe. Vijiko 12 ni takriban gramu 48, karibu kilo moja na nusu kwa mwezi, kwa mtu mmoja! Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linasema ni bora mtu asizidishe kiasi cha gramu 25 kwa siku. Sikuacha sukari. Nilitoa kijiko kimoja kwenye kila kikombe, nikakaa hapo wiki tatu mpaka ulimi ukazoea, kisha nikatoa kingine. Kwa miezi miwili hilo ndilo lililokuwa badiliko langu pekee.

La pili lilikuwa Alfajiri. Kutoka kwangu hadi msikitini ni robo saa kwa miguu, nami nilikuwa nakwenda kwa pikipiki. Kwenda na kurudi ni nusu saa. Kwa siku tano ni dakika 150 zile zile. Anayeijua joto la bonde hili anajua kuwa muda ule ndio mzuri wa kutembea. Wiki ya kwanza nilifika nahema, imamu akanisubiri kidogo kabla ya kukimiwa.

La tatu ni mafuta, na hapa mwenye mamlaka ni mama watoto. Mafuta ya alizeti yalikuwa yakimiminwa sufuriani kutoka kwenye dumu. Sasa yanapimwa kwa kijiko cha chakula, na kijiko kimoja cha mafuta kina nguvu sawa na vijiko saba vya chai vya sukari. Ugali wa dona ukarudi. Sinia la pamoja lilinisumbua zaidi, kwani ukila na wenzako hujui umekula kiasi gani. Nilichofanya ni kuanza na mboga, kula kilicho mbele yangu, na kuwa wa kwanza kunawa. Ile theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi haitimii kwa anayekula kwa mbio.

Na Ramadhani? Tusidanganyane. Wengi wetu tunatoka kwenye mwezi ule tumenenepa, kwa sababu futari ya magimbi, maandazi na uji wa sukari inafuatiwa na daku ya pilau. Funga ya Jumatatu na Alhamisi nayo haipunguzi kitu ikiwa jioni inalipwa mara mbili.

Jambo moja la tahadhari. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asibadilishe chakula wala kufunga bila ya kumwona daktari. Mjamzito asijaribu kabisa kupunguza mwili. Anayepungua bila ya kukusudia, akawa na kiu na kukojoa sana, au kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, huyo asifurahi, aende kupimwa. Na zile chai za kukondesha zinazouzwa stendi, zinazomfanya mtu akeshe chooni, zinatoa maji mwilini. Mafuta yanabaki pale pale.

Miezi kumi na moja imepita. Mizani inasoma kilo 82, kwa hiyo bado nimezidi, na kuna mwezi mzima wa mavuno ambao sikupungua hata nusu kilo. Sukari imebaki kijiko kimoja, na sina mpango wa kukitoa. Kijana wa mashine ananiuliza kama naumwa.

Kile kiti bado kipo msikitini. Tangu mwezi wa Rajabu anakikalia mzee mmoja aliyevunjika nyonga.