Mafunzo Niliyopata Katika Ufundi, Hapa Shari

1. Anza na umeme. Hapa Ituri, mashariki mwa Kongo, Mto Shari ndio unaozungusha mitambo ya umeme ya Budana, iliyojengwa enzi za Wabelgiji kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Hata hivyo nyumba nyingi huku zinategemea paneli za jua, batri na jenereta, na kompyuta nyingi ninazoletewa zimeuawa na umeme mbaya. Kijana akiniuliza aanze na simu au na programu, namjibu: volti, ampea na wati kwanza.

2. Pima kabla ya kufungua. Mama mmoja anayechajia watu simu aliniletea paneli na batri ya volti 12, akiamini paneli imekufa. Niliipima juani: volti 20, nzima kabisa. Batri nayo, baada ya siku nzima ya jua na usiku wa kupumzika bila mzigo, ilisoma 11.6. Batri ya asidi iliyojaa husoma karibu 12.7; ikishuka hadi 12.2 imebaki nusu, na hapo ndipo pa kuiachia. Yeye alikuwa akiinyonya kila usiku mpaka inveta inazima yenyewe. Fundi asiyepima angemuuzia paneli mpya, mama wa watu akatoa dola zake, na ugonjwa ukabaki palepale. Hilo linaniuma sana. Nunua multimeta kabla ya bisibisi ya pili.

3. Hifadhi masomo yako kwenye diski. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchini Kongo kwa karibu wiki tatu. Waliokuwa wamepakua vitabu, michoro ya saketi na programu waliendelea na kazi.

4. Jifunze Kiingereza cha kusomea. Kifaransa cha shule ni kizuri, lakini miongozo mingi ya vifaa haikuandikwa kwa lugha hiyo.

5. Vifaa vyako vienee kwenye mkoba mmoja. Vita viliporudi eneo la Djugu, hapa Ituri, mwishoni mwa 2017, familia nyingi zilikimbilia mji wa Bunia mikono mitupu. Fundi aliyefika na multimeta, bisibisi na pasi ya kulehemu aliweza kutandika meza kando ya njia na kuwalisha watoto wake. Kwa sababu hiyo wanagenzi wangu huanza na kazi za mezani, zinazofanyika kwa mwanga wa mchana: kubadilisha tundu la chaji, kusafisha bodi iliyoingia maji, kuunga waya wa batri. Seva na minara ya simu watajifunza baadaye, wanaotaka.