Kabla ya kuwasha mashine ya kukereza: je, chuma kimeshikwa?

Mara nyingi ukurasa huu huzungumzia malaria, kuhara na maji safi. Safari hii tunawageukia ninyi mnaojifunza ufundi wa chuma karakanani, kwa sababu mkono uliopondwa na jicho lililotobolewa navyo ni mambo ya afya. Ukiumia vibaya, wahudumu wa kituo watazuia damu na kufunga kidonda, lakini upasuaji wa mkono hufanywa katika hospitali kubwa, na kufika huko si safari ya dakika tano.

Kwenye mashine ya kukereza, chuma hushikwa na kile kichwa kinachozunguka chenye taya tatu au nne. Mafundi hukiita chaki (si ile ya kuandikia ubaoni), na waliosoma kwa Kifaransa hukiita mandreni. Chaki yenye upana wa sentimita 20 ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, ukingo wake hukimbia kilometa 38 hivi kwa saa. Kitu kinachochomoka hapo hakidondoki tu. Hurushwa.

Jambo la kwanza la kuogopa ni ufunguo wa chaki. Fundi anakaza, anaitwa na mwenzake, anageuka kujibu, kisha anarudi na kuwasha. Ufunguo bado uko tunduni! Jizoeze hivi: ufunguo ukiwa ndani ya chaki, mkono wako uwe juu yake. Ukitaka kuondoa mkono, ondoa na ufunguo, hata kama ni kwa sekunde moja tu ya kumsalimia mtu.

Sasa chuma chenyewe. Zima mashine kabisa, kisha futa taya na chuma ili kusiwe na mafuta wala mabaki yaliyonasa. Ingiza chuma ndani vya kutosha. Kukishika kwa ncha za taya ni kukialika kitoke. Tuseme unakereza mhimili wa pampu wenye unene wa milimita 40. Kanuni ya mafundi ni kwamba sehemu inayotokeza bila kuegemezwa isizidi mara tatu ya unene, yaani sentimita 12. Ikizidi hapo, egemeza ncha ya pili kwa senta ya upande wa nyuma. Chuma kirefu kinachotokeza nyuma ya mashine nacho ni hatari, maana kikizunguka kwa kasi hupinda na kupiga kama fimbo.

Taya zikiwa zimetoka mbali nje ya mwili wa chaki, zimeshikwa na meno machache tu kwa ndani. Kwa kazi nene geuza taya, au tumia chaki kubwa zaidi. Bomba jembamba huminyika na kulegea, basi lizibe kwa ndani kwa kipande cha chuma kinacholingana nalo kabla ya kukaza. Kaza kwa nguvu za mikono yako, na usichomeke bomba kwenye mpini wa ufunguo kuongeza nguvu, utaharibu chaki.

Kisha zungusha chaki kwa mkono, mashine ikiwa bado imezimwa. Tazama kama taya zinagonga kisu, na kama chuma kinayumba. Ndipo uwashe kwa mwendo wa polepole, ukisimama pembeni, si mbele ya chaki.

Vua glavu, pete na saa. Kunja mikono mirefu, funga nywele, na akina dada kitenge kikazwe kisininginie. Glavu humlinda mchomeleaji, lakini hapa huvuta mkono mzima ndani. Miwani ya kinga ivaliwe wakati wote. Usisimamishe chaki kwa kiganja, hata kama umemwona fundi mzee akifanya hivyo.

Mwenzako akinaswa, zima umeme kwanza, usimvute. Damu ikitoka, bonyeza kidonda kwa kitambaa safi bila kuachia. Kidole kilichokatika kifungwe katika kitambaa safi, kiingizwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu au maji baridi. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Kipande cha chuma kikichoma jicho, usisugue wala usikichomoe. Funika jicho kwa kikombe cha karatasi bila kuligandamiza, uje kituoni mara moja. Ukifika, mweleze mhudumu ni lini ulichanjwa pepopunda mara ya mwisho.