SOMO: MAKALI MAWILI YA KIATU CHA BARAFU

Katika inchi za baridi kama Kanada watoto wanajifunza kuteleza juu ya barafu. Chini ya kiatu kuko chuma chembamba, karibu milimetri 4. Katikati kimechimbwa kidogo, basi kina makali mawili: ya ndani na ya inje.

Mwenye kuanza anaogopa, anasimama wima juu ya makali yote. Barafu inamsema: inaonyesha mistari miwili. Mwalimu anamwambia: «Kunja goti, simama mguu mmoja, inamisha mwili mzima katikati ya duara. Kiuno usikikunje!» Akitii, mstari unabaki mmoja, na njia inapinda yenyewe.

Mpaka 1990, katika mashindano ya dunia, wachezaji walichora duara hizo, na waamuzi waliangalia mistari.

Swali: Kwa nini mwenye kinga naye anainama akipita kona?