TIMBO LILILOACHWA LAWEZA KUPONA

Timbo ni mahali panapochimbwa mawe, mchanga au changarawe za kujengea. Nyumba zetu, barabara na hata madarasa haya yametoka shimoni. Lakini jengo likishakamilika, nani hulikumbuka shimo?

Hebu tujifunze kutoka Bamburi, kaskazini mwa Mombasa. Kiwanda cha saruji kilianza kuchimba mawe ya matumbawe huko mwaka wa 1954. Palipochimbwa pakabaki jangwa jeupe: udongo hakuna, jua kali, na maji yana chumvichumvi. Mwaka wa 1971 mtaalamu wa kilimo, Rene Haller, mzaliwa wa Uswisi, alianza kulifufua. Kazi ilikwenda hivi:

1. Miti. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili ni tatu tu, mmojawapo mvinje. Mvinje huvumilia chumvi, na vijidudu vya mizizini mwake hutwaa naitrojeni kutoka hewani.

2. Jongoo. Majani ya mvinje ni magumu kama sindano. Yalirundikana bila kuoza. Basi akaletwa jongoo, yule yule tunayempiga teke njiani. Akayala, na kinyesi chake kikawa mwanzo wa udongo.

3. Viumbe wengine. Udongo ulipopatikana, miti mingine ikaota, ndege wakaja, wanyama wakaletwa. Mwaka wa 1984 wageni walifunguliwa mlango. Leo mahali hapo panaitwa Haller Park.

Funzo ni kwamba timbo haliponi kwa kupanda miti siku moja, tukapiga makofi, tukaenda zetu. Udongo hutengenezwa kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Huku kwetu pia kuna timbo lililoachwa nyuma ya mtaa. Masika hujaa maji, mbu wakazaana, na watoto huogelea bila kujua kina chake. Wapo wasemao ati lijazwe takataka. Mimi nasema la! Maji ya visima vyetu yako chini ya shimo hilo hilo. Uchafu ukishuka, tutaunywa sisi.

Napendekeza kwanza lizungushiwe ua. Pili, chama chetu kianzishe kitalu cha miche. Tatu, tumwandikie chifu kwa Kiswahili sanifu, kwani sheria ya mazingira ya 1999 inaruhusu aliyeharibu ardhi aamriwe kuirekebisha.

Walimu wetu, barua hiyo mtatusahihishia?