SOMO LA ROBO HII: Kujiandaa Kuishi Nje ya Gridi – Umeme na Intaneti katika Vituo vya Vijijini



Katika toleo hili tunaleta somo juu ya jambo ambalo kamati nyingi hukutana nalo: namna ya kupata umeme na mawasiliano mahali ambapo nguzo hazijafika. Tunashauri lisomwe kwa sauti katika kikao cha kamati, kisha yajadiliwe maswali yaliyo mwishoni.

Tangu Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ulipoanza kazi mwaka 2007, nyaya zimefika mbali sana katika Tanzania Bara. Hata hivyo, kufika kijijini si kufika kila kitongoji. Laini inaweza kuishia karibu na ofisi ya kijiji, wakati zahanati ya parokia iko ng'ambo ya mto. Vipo pia visiwa vya Ziwa Victoria na nyanda za wafugaji ambako kaya zimetawanyika mno. Walimu, waganga na watumishi wanaopangiwa huko wanahitaji kuandaliwa mapema, na kamati inayowapokea vilevile.

Jambo kuu la somo hili ni moja. Mitambo mingi ya umeme wa jua haifi kwa kukosa jua. Hufa kwa sababu hesabu haikupigwa mwanzoni na mfuko wa matunzo haukuwekwa baadaye. Paneli nzuri hudumu miaka 20 na zaidi, lakini betri za kawaida za risasi na tindikali mara nyingi huchoka baada ya miaka 3 hadi 5. Kwa hiyo anayepokea zawadi ya sola amepokea pia deni litakaloiva baada ya miaka michache. Siku deni hilo likiiva na hakuna akiba, mkunga anarudi kuzalisha kwa mwanga wa simu, huku paneli ziko palepale juu ya bati.

1. Tuanze na kazi, si na kifaa

Swali la kwanza lisiwe "tununue paneli ya wati ngapi?" Liwe "ni kazi zipi lazima zifanyike, na saa ngapi?" Kaeni na wanaotumia jengo: muuguzi, mwalimu, mlinzi, mpishi. Gawanyeni mahitaji katika mafungu matatu: ya lazima (taa ya chumba cha kujifungulia, simu ya dharura), ya muhimu (kompyuta ya taarifa, taa za darasa), na ya kupendeza (runinga, spika za muziki). Mtambo mdogo ukibebeshwa mafungu yote matatu, hulemewa, na taa ya mkunga huzimika pamoja na runinga.

Tukumbuke pia kwamba chochote kinachotoa joto hula umeme mwingi. Pasi ya wati 1,000 ikitumika nusu saa tu hula wati-saa 500. Kupikia kubaki kwenye majiko banifu au gesi. Pampu ya maji ifanye kazi mchana, jua likiwaka, na kujaza tanki. Maji yaliyo juu ya mnara ni akiba isiyohitaji betri.

2. Tupige hesabu pamoja

Chukueni wati za kila kifaa, zidisheni kwa saa za matumizi kwa siku. Jibu ni wati-saa. Mfano wa zahanati ndogo:

- Taa 8 za LED za wati 7, saa 5: wati-saa 280
- Kompyuta mpakato ya wati 50, saa 4: wati-saa 200
- Kuchaji simu 6, wati-saa 10 kila moja: wati-saa 60
- Ruta ya intaneti ya wati 10, saa 6: wati-saa 60
- Jumla kwa siku: wati-saa 600

*Paneli.* Sehemu ya umeme hupotea katika nyaya, betri na inveta, hivyo tuongeze theluthi hivi: 600 mara 1.3 ni 780. Sehemu nyingi za nchi yetu hupata jua kali la saa 5 hivi kwa siku, lakini tusipange kwa kiangazi. Tupange kwa masika, tukihesabu saa 4. 780 gawanya kwa 4 ni 195, yaani paneli za wati 200.

*Betri.* Tuseme mawingu yatatanda siku 2: tunahitaji wati-saa 1,200. Betri ya risasi isishushwe chini ya nusu, la sivyo maisha yake hufupika sana. Kwa hiyo tunahitaji wati-saa 2,400, ambazo kwa volti 12 ni ampea-saa 200. Betri ya lithiamu (aina ya chuma na fosfeti) huweza kutumika hadi asilimia 80, hivyo ampea-saa 125 zinatosha. Bei yake ya kununua ni kubwa zaidi, lakini hudumu muda mrefu na haihitaji kuongezwa maji. Linganisheni gharama za miaka 10, si bei ya dukani ya siku moja.

Betri ya gari haifai kwa kazi hii. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, na ikitumika kuwasha taa usiku kucha hufa upesi.

3. Umeme utoke wapi?

*Jua.* Kwa vituo vingi hili ndilo chaguo la kwanza. Kwa kuwa nchi yetu iko kusini mwa Ikweta, paneli zielekee kaskazini, zikiinama nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi. Angalieni kivuli cha mwembe au mnara wa kengele, kwa sababu hata kivuli kidogo hupunguza umeme mwingi. Nyaya kati ya paneli, chaji kontrola na betri ziwe nene na fupi. Betri zikae chumba chenye hewa, si chini ya kitanda, kwani betri za tindikali hutoa gesi inayoweza kulipuka. Kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na afunge pia kinga ya radi.

*Maji.* Penye mto usiokauka na mteremko, mtambo mdogo wa maji hutoa umeme usiku na mchana. Kanuni rahisi ya kukadiria: lita za maji kwa sekunde, mara mita za mporomoko, mara 5, ni wati. Lita 20 kwa sekunde zikishuka mita 10 hutoa kama wati 1,000. Pimeni mwisho wa kiangazi, maji yakiwa machache kuliko wakati wote. Kibali cha kutumia maji hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde husika. Wanaotaka kujifunza waende nyanda za juu kusini. Huko Mawengi, wilayani Ludewa, wananchi wana chama chao cha watumiaji, LUMAMA, kinachosimamia umeme wa maji. Fundisho kubwa la huko ni chama chenyewe: watu wanaolipia, wanaokutana na wanaojua nani ana ufunguo wa mtambo.

*Jenereta.* Ni rahisi kununua na ghali kuishi nayo. Ikiwashwa kwa taa mbili tu bado hunywa mafuta mengi, na masika barabara ikikatika mafuta hayafiki. Ibaki kuwa msaidizi wa siku za mawingu au za kazi kubwa.

Kabla ya kuamua lolote, ulizeni ofisi ya TANESCO ya wilaya kama laini imepangwa kupita kwenu. Hata ikija, sola haitakuwa bure, kwa kuwa gridi nayo hukatika.

4. Friji ya chanjo isichanganywe na mengine

Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Zikipata joto huharibika, na baadhi, kama ya pepopunda na ya homa ya ini aina B, huharibika zikiganda. Kwa sababu hiyo friji ya chanjo iwe na paneli zake peke yake. Zipo friji za sola zisizotumia betri kabisa: mchana hugandisha barafu ndani ya kuta zake, na barafu hiyo hulinda ubaridi usiku. Mtu yeyote asiruhusiwe kuchomeka simu kwenye mtambo huo, awe mganga au mgeni wa heshima. Kabla ya kununua, shaurianeni na mratibu wa chanjo wa wilaya.

5. Intaneti: hesabu yake ni ya umeme pia

Zamani misheni nyingi ziliwasiliana kwa redio za mawimbi mafupi kwa saa maalumu. Leo taarifa za afya, fomu za bima na matokeo ya mitihani hupita mtandaoni. Tunashauri hatua tatu.

*Kwanza, pimeni mlichonacho.* Zungukeni eneo mkiwa na laini za kampuni zote, asubuhi na jioni, mkiandika wapi mtandao unashika. Mara nyingi ruta yenye antena ya nje, juu ya mlingoti wa mita chache na ikielekezwa mnarani, hugeuza mtandao wa kubahatisha kuwa wa kutegemewa. Mahali pasipo mnara kabisa, kamati ipeleke maombi kupitia halmashauri ya wilaya. Upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, unaosaidia kampuni kujenga minara mahali ambapo biashara peke yake isingewapeleka.

*Pili, satelaiti.* Satelaiti za zamani hukaa kilomita 36,000 hivi juu ya Ikweta, hivyo maongezi huchelewa zaidi ya nusu sekunde. Satelaiti mpya za chini, kama za Starlink, huzunguka kwenye kilomita 550 hivi na huduma yake ni ya kasi. Starlink ilianza Rwanda na Kenya mwaka 2023. Kabla ya kununua au kupokea dishi, ulizeni TCRA kama huduma hiyo ina leseni hapa nchini. Dishi linaloingizwa kinyume cha sheria linaweza kuigharimu parokia zaidi ya thamani yake.

Angalieni pia umeme. Dishi la kawaida la aina hii hula wati 50 hadi 100. Tukichukua 75 na kuliacha limewashwa saa 24, ni wati-saa 1,800, mara tatu ya mahitaji yote ya zahanati yetu ya mfano. Likiwashwa saa 3 tu, ni 225. Kwa hiyo wekeni saa za mtandao na mtu wa kuzima swichi.

*Tatu, fanyeni kazi bila mtandao inapowezekana.* Taarifa ziandikwe kwanza, zitumwe kwa pamoja. Kwa shule, programu ya Kolibri huhifadhi masomo kwenye kompyuta moja, na wanafunzi wakayasoma bila kununua bando.

6. Mfuko wa matunzo

Tuchukue kwa mfano kwamba betri mbili zinauzwa shilingi 900,000 na tunatarajia zidumu miaka 4. Gawanya kwa miezi 48: ni shilingi 18,750 kila mwezi. Ongezeni gharama za fundi, taa na fyuzi, pamoja na kupanda kwa bei, na mfuko wa shilingi 25,000 hadi 30,000 kwa mwezi unahitajika. Si fedha nyingi kwa jumuiya nzima, lakini ni nyingi mno zikitafutwa siku moja.

Wapo watakaochangia kwa mavuno, na wapo watakaolipia kuchaji simu. Hilo la mwisho ni jema, mradi liingizwe kwenye hesabu ya sehemu ya 2. Simu 20 kwa siku ni wati-saa 200, na paneli za wati 200 tulizozipata hazikupangiwa mzigo huo.

Fedha zikae katika akaunti yenye watia saini watatu, na taarifa isomwe mbele ya watu kila robo mwaka. Wachagueni watunzaji wawili, si mmoja, maana mmoja akihamishwa ujuzi unaondoka naye. Kazi yao ni nyepesi: kufuta paneli, kukaza na kusafisha vichwa vya betri, kuongeza maji maalumu ya betri yanapopungua (si ya bomba wala ya kisima), na kuandika katika daftari. Betri iliyokufa isitupwe shambani, kwa kuwa risasi ni sumu kwa watoto. Irudishwe kwa wanaoikusanya kihalali.

7. Neno kwa wahisani wetu

Tunawashukuru kwa moyo wenu. Tunawaomba jambo moja: msitoe paneli bila kuuliza juu ya betri ya pili. Zawadi inayomfaa mkunga ni ile inayokuja na mafunzo ya watunzaji, vipuri na makubaliano ya maandishi kwamba kamati itachangia mfuko kuanzia mwezi wa kwanza. Kamati ikisema haiwezi, pungueni ukubwa wa mtambo hadi kiwango inachoweza kukitunza. Taa nne zinazowaka mwaka wa kumi ni bora kuliko ishirini zilizozimika mwaka wa nne. Injili ya Luka, sura ya 14, inamtaja mjenzi anayeketi kwanza kuhesabu gharama za mnara. Nasi tuketi kwanza, tuhesabu.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika kituo chetu, ni kazi zipi tatu ambazo umeme wake usizimike kamwe?
2. Wati-saa zetu kwa siku ni ngapi? Ni nani atakayezihesabu kabla ya kikao kijacho?
3. Betri zetu zilinunuliwa mwaka gani, na zitabadilishwa kwa fedha zipi?
4. Mtandao unashika wapi katika eneo letu, na nani atawajibika kuuzima?
5. Mtunzaji wetu akihamishwa leo, nani anajua kazi yake?