SOMO LA ROBO HII: Fedha za Elimu ya Kilimo kwa Vijana Zifike Kabla ya Mvua

Somo la toleo hili limetokana na swali ambalo vijana wametuuliza mara nyingi: fedha za umma zinazotengwa kwa ajili ya elimu ya kilimo na miradi ya vijana ziko wapi, na kwa nini hatuzioni?

Lengo la somo. Mwisho wa somo hili kila kikundi kiweze:
(a) kutaja mafungu ya fedha yanayowahusu vijana wakulima;
(b) kueleza kwa nini fedha za kilimo zikichelewa ni sawa na zilizopotea;
(c) kupanga hatua za kuzifuatilia kwa amani na kwa kufuata sheria.

1. Hali tunayoiona

Kijana wa kwetu akimaliza shule, njia iliyo wazi mbele yake ni ile ya machimboni. Anakwenda Nyarugusu, Lwamgasa au Mgusu. Huko anashuka duarani, anabeba mawe kupeleka kwenye karasha, au anakamata dhahabu mwaloni kwa zebaki, mikono mitupu. Hatuwalaumu vijana hawa, wala hatusemi kwamba uchimbaji mdogo si kazi. Duara laweza kumpa fedha wiki hii, lakini pamba inamwambia asubiri mpaka msimu wa ununuzi. Tatizo letu ni kwamba wengi hawakuchagua. Huwezi kusema mtu amelikataa shamba kama hakuna aliyemfundisha namna ya kulima likamlipa.

Katika ziara zetu tulikikuta kikundi kimoja cha vijana tisa, ambacho hatutakitaja jina. Kilikuwa na shamba darasa la pamba, na mafunzo yake yaliingizwa katika mpango wa robo ya kwanza ya mwaka wa fedha. Fedha zikaingia mwezi Machi. Bibi shamba akaja, akafundisha nafasi kati ya mstari na mstari, wakati pamba imewafika watu kiunoni. Mahudhurio yakasainiwa, taarifa ikaandikwa kwamba lengo limetimia. Siku hiyo walihudhuria vijana watano. Wanne walikwisha kwenda machimboni tangu Januari.

Hakuna aliyeiba fedha hizo. Ziliidhinishwa, zikatolewa, zikatumika kama ilivyoandikwa. Hata hivyo, vijana hawakupata kitu. Hilo ndilo jambo tunalotaka mlielewe katika somo hili.

2. Dhahabu ina mwisho

Mgodi wa Buzwagi kule Kahama ulianza uzalishaji mwaka 2009, ukafikia kikomo mwaka 2021. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mgodi ulipofunguliwa alikuwa hajatimiza miaka 20 ulipofungwa. Mgodi wa Geita umekuwa ukizalisha tangu mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu tangu mwaka 2001. Nayo siku yao itafika, maana dhahabu haioti tena kama mtama.

Wengi wetu tunaifahamu habari ya Yusufu kule Misri, ambayo wenzetu Waislamu nao wanaisoma katika Sura Yusuf. Katika miaka saba ya shibe, Yusufu aliagiza sehemu ya tano ya mavuno iwekwe akiba kwa ajili ya miaka saba ya njaa. Hakungoja njaa ifike ndipo aanze kujenga maghala. Sisi wa Shinyanga na Geita tuko katika miaka ya shibe ya dhahabu. Ghala letu ni ujuzi wa vijana na rutuba ya ardhi, kwa sababu hivyo vitabaki mgodi ukifungwa.

Viongozi wa dini nchini hawakulinyamazia suala hili. Mwaka 2008 BAKWATA, CCT na TEC walitoa kwa pamoja ripoti iliyohoji Watanzania wananufaikaje na dhahabu yao. Wakati ule, chini ya mikataba ya mwanzo, mgodi mkubwa ulilipa halmashauri kiasi kisichozidi dola 200,000 kwa mwaka. Baadaye malipo yalihamia kwenye ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mapato ghafi. Swali la leo limesogea karibu na nyumbani: fedha zikishafika halmashauri, zinamfikia kijana mkulima?

3. Mafungu yenyewe

Kwanza, asilimia 10 ya mapato ya ndani. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Tuchukue mfano. Kama mapato yanayohusika ni shilingi bilioni 4, fungu lote ni shilingi milioni 400, na sehemu ya vijana ni milioni 160.

Pili, marejesho kwa mkulima. Miongozo ya bajeti imezitaka halmashauri kurudisha asilimia 20 ya mapato yatokanayo na mazao katika kuendeleza kilimo, na asilimia 15 ya mapato ya mifugo katika mifugo. Angalieni: hiyo asilimia 20 ni sehemu ya tano ileile ya Yusufu! Halmashauri ikikusanya ushuru wa pamba, mpunga na dengu wa shilingi milioni 100, milioni 20 zirudi kwa mkulima kama mafunzo, mashamba darasa na huduma za ugani.

Tatu, fedha za migodi. Mbali na ushuru wa huduma, marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanautaka mgodi kuandaa mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri kuhusu mpango huo. Maana yake ni kwamba kuna meza ambapo vipaumbele vinapangwa. Kama hakuna aliyetaja elimu ya kilimo pale mezani, haitakuwemo.

Nne, fedha za Serikali Kuu. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi zaidi ya trilioni 1.2 mwaka 2024/25. Mwaka 2022 maafisa ugani walianza kugawiwa pikipiki, na mwaka 2023 vijana 812 waliingia katika mafunzo ya awamu ya kwanza ya programu ya Jenga Kesho Iliyo Bora, maarufu kama BBT. Tusisahau pia Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa kuiga mfano wa Sweden, kikiwemo cha Buhangija hapa Shinyanga.

Wengine watasema wafadhili watatusaidia. Tumeshukuru kwa misaada, lakini mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la USAID, na miradi mingi ikasimama ghafla. Fedha ya ndani ndiyo tunayoweza kuidai.

4. Zinapotelea wapi?

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Mvua zetu zinaanza Novemba, na pamba hupandwa kuanzia katikati ya mwezi huo hadi Desemba. Basi mafunzo, mbegu na maandalizi ya mashamba darasa vyote vinategemea robo ya kwanza na ya pili. Fedha za barabara zikichelewa miezi minne, barabara itajengwa baadaye. Fedha za shamba darasa zikichelewa miezi minne, msimu mzima umekwenda. Wahenga walisema, chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Kwa nini zinachelewa? Tuwe wakweli. Halmashauri nayo inabanwa. Kuna darasa lisilo na paa, kuna zahanati inayosubiri milango, na mahitaji hayo yanaonekana kwa macho. Elimu ya kilimo haina paa la kuonyesha siku ya ukaguzi, kwa hiyo ni rahisi kuambiwa isubiri robo ijayo. Kila robo inasukuma hadi inayofuata, mwisho fedha zinatolewa mwezi Mei ili mwaka ufungwe vizuri kwenye makaratasi.

Na sisi wenyewe tuna sehemu yetu katika kosa hili. Aprili 2023 Serikali ilisimamisha mikopo ya asilimia 10 baada ya ukaguzi kuonyesha madeni yasiyorejeshwa na vikundi hewa. Ilirejeshwa katika mwaka wa fedha 2024/25 kwa utaratibu mpya. Katika kipindi hicho vikundi vya vijana waaminifu vilikaa zaidi ya mwaka bila mkopo kwa sababu ya waliokula fedha. Kikundi kinachogawana mkopo kwa vichwa na kutawanyika kinamfungia mlango mdogo wake anayekuja nyuma.

5. Shinyanga ilikwisha kutufundisha

Wazee wanakumbuka jinsi Shinyanga ilivyoitwa jangwa. Miti ilikuwa imefyekwa, na malisho yamekwisha. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ukaendelea hadi mwaka 2004. Haukuleta miti ya kigeni peke yake. Uliwarudisha watu kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho kwa ajili ya kiangazi. Vijiji vilitunga sheria zao katika dagashida, na sungusungu wakazisimamia. Ngitili zilizokuwa hekta 600 hivi mwanzoni mwa mradi zilifikia zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza, elimu ya ardhi inataka fedha za kudumu: HASHI ilidumu miaka 18, haikuwa semina ya siku mbili. La pili, fedha peke yake hazikutosha. Ngitili zilipona kwa sababu wanakijiji wenyewe walizilinda. Hata fedha za umma zinataka mlinzi wa namna hiyo.

6. Tufanye nini?

(i) Tuingize hoja mapema. Mapendekezo ya vijiji huanza kukusanywa karibu na mwisho wa mwaka, yakapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndipo Baraza la Madiwani likapitisha bajeti mapema mwaka unaofuata. Kulalamika mwezi Juni ni kumfukuza ng'ombe aliyekwisha kuvuka mto.

(ii) Tuombe tarehe pamoja na kiasi. Pendekezo lisiishie kusema “mafunzo ya vijana”. Liseme “mafunzo ya vijana, yafanyike kabla ya Oktoba 31”. Tarehe ikiandikwa katika mpango kazi, kuchelewa kutaonekana.

(iii) Tuhudhurie kila robo. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa angalau mara moja kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Vikao vya Baraza la Madiwani navyo viko wazi kwa wananchi kusikiliza. Kila kikundi kichague watu wawili, kijana wa kike na wa kiume, waende na daftari.

(iv) Tuulize kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa na kujibiwa ndani ya siku 30. Barua iwe fupi na ya heshima: kiasi gani kilitengwa, kiasi gani kilitolewa, na lini. Tusianze kwa kumtuhumu mtu. Mara nyingi mtendaji mwenyewe hufurahi kuona ana wananchi nyuma yake anapodai fedha za idara yake.

(v) Turejeshe mikopo. Daftari la marejesho lililo safi ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote mbele ya diwani.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni vijana wangapi walikwenda machimboni msimu uliopita kwa sababu pembejeo au mafunzo yalichelewa?
2. Mara ya mwisho mapato na matumizi yalisomwa lini? Nani alikuwepo, na nani hakuwepo?
3. Mgodi ulio karibu nasi ukifungwa, tutabaki na ujuzi gani? Nani anaufundisha sasa?
4. Je, kikundi chetu kinadaiwa? Tutalipa vipi, na kwa muda gani?

Hitimisho

Wapendwa, kikundi kile cha vijana tisa hakijafa. Mwaka uliofuata waliobaki waliandika barua mwezi Agosti, wakaenda wawili kwenye kikao cha kata wakiwa na daftari. Mafunzo yalifanyika wiki ya kwanza ya Novemba, ardhi ikiwa bado kavu. Mmoja wa wale wanne alirudi kutoka machimboni, akaja kusimama pembeni ya shamba kusikiliza. Tuliambiwa alikaa hadi mwisho.

Tunawaomba mlifanyie kazi somo hili katika mkutano wenu ujao, na mtuandikie mlichokiona. Tutayachapa majibu yenu katika toleo lijalo. Tunawatakia msimu mwema.